Ndege ya vita itue barabarani? Kwanza mgonjwa apite



Kuna video moja ambayo wengi wetu tumeshaipokea zaidi ya mara kumi. Ndege ya vita inashuka katikati ya msitu wa Finland, magurudumu yanagusa lami ya barabara ya kila siku, inapunguza mbio, inageuka, inajazwa mafuta, inaruka tena. Na kila mara inapotumwa kwenye makundi yetu, mjadala ni uleule: juu ya nini sisi hatufanyi vile? Kama viwanja vyetu vinaweza kuanguka kwa siku moja, si jeshi letu litumie barabara?

Swali haliko la bule. Mwisho wa mwezi wa 1, 2025, Goma ilianguka pamoja na uwanja wake wa ndege. Katikati ya mwezi wa 2 ikawa zamu ya Kavumu, uwanja wa Bukavu. Kwa muda usiozidi wiki tatu, Kivu zote mbili zikapoteza viwanja vyao vikubwa. Dawa, chakula cha wakimbizi, majeruhi, wanafunzi, wafanyabiashara: wote wakajikuta mikono mitupu mbele ya mlango uliofungwa. Kijana anayeuliza kama ndege inaweza kutua mahali pengine anatumia akili yake, na hatumcheki.

Lakini tunamjibu hivi: wale anaowaona kwenye video hawakuanza na ndege. Walianza na barabara. Halafu wakaweka sheria juu ya barabara ile. Ndege ikaja mwisho. Sisi tukianza na ndege, hatutapata ulinzi. Tutapata bariere nyingine tu, safari hii yenye mabawa.

Wazo limetoka wapi

Ndege iko na mbio, lakini uwanja haukimbii. Adui anajua uko wapi, urefu wake ni mita ngapi, matangi ya mafuta yako upande gani. Tarehe 5 mwezi wa 6, 1967, ndege za Israeli zilipiga viwanja vya Misri asubuhi. Kwa masaa machache, mamia ya ndege za Misri zilikuwa zimeharibika, nyingi zikiwa bado chini, hazijapata hata nafasi ya kuruka. Toka siku ile majeshi mengi yalielewa kwamba kuweka ndege zote kwenye uwanja mmoja ni kuweka mayai yote kwenye kikapu cha jirani mbaya.

Wajerumani walikuwa wameshalazimika kufikiri hivyo mbele yao. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, viwanja vyao vilipojaa mashimo ya mabomu, waliruka kutoka kwenye barabara zao kubwa na kuficha ndege chini ya miti kando yake. Baadaye, wakati wa vita baridi, Ujerumani ya Magharibi ilijenga vipande vya barabara kubwa ambavyo injinia wake alijua, toka siku ya kuvichora kwenye karatasi, kwamba vinaweza kuwa uwanja. Mwaka 1984 walifanya zoezi kubwa kwenye barabara ya A29, karibu na Ahlhorn.

Sweden ilikwenda mbali zaidi. Haikutengeneza barabara kwa ajili ya ndege tu, ilitengeneza na ndege kwa ajili ya barabara. Ndege yao ya Gripen inaweza kutumia kipande cha mita 800. Fundi mmoja na vijana watano walio kwenye jeshi la lazima wanaweza kuijaza mafuta na silaha kwa dakika kama 10, kando ya barabara, halafu inaondoka kabla adui hajajua ilikuwa pale.

Tuangalie vizuri sentensi hiyo. Fundi mmoja, vijana watano. Hao vijana walifika pale kwa kamio. Mafuta yalifika kwa kamio. Silaha zilifika kwa kamio. Zimamoto, walinzi, mashine za mawasiliano, vyote kwa gari. Ndege inayohamahama inategemea barabara kuliko ndege inayokaa uwanjani. Njo jambo la kwanza ambalo video haionyeshi.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Singapore ni inchi ndogo sana, mji mmoja tu kwenye kisiwa. Wako na barabara inaitwa Lim Chu Kang. Toka miaka ya 1980 waligeuza kipande chake kuwa uwanja kwa mazoezi: urefu mita 2,500, upana mita 24, wakati uwanja wa kawaida wa jeshi unaweza kuwa na upana zaidi ya mara mbili ya huo. Mbele ya zoezi waling'oa nguzo za taa, vibao, hata vituo vya basi. Walifagia lami yote, juu jiwe dogo likivutwa ndani ya injini linaweza kuiua. Waliweka taa za muda. Na mbele ya yote hayo, wanainchi walitangaziwa: barabara itafungwa tarehe hii mpaka tarehe hii, pitieni njia ile nyingine. Zoezi lilipoisha, vituo vya basi vilirudi mahali pake.

Mtu anaweza kusema Singapore ni matajiri. Sawa. Tuangalie India, ambako mamilioni ya watu wanajua njaa na shida sawa na sisi. Tarehe 21 mwezi wa 5, 2015, ndege ya vita ya Mirage 2000 ilitua kwenye barabara kubwa ya Yamuna, inayotoka upande wa Delhi kwenda Agra. Mwezi wa 9, 2021, walifungua kipande cha kilometa 3 kwenye barabara ya taifa katika jimbo la Rajasthan, upande wa mpaka wa Pakistan. Siku ile ndege ya mizigo ya jeshi ilitua juu yake, na ndani walikuwa mawaziri wawili: waziri wa ulinzi na waziri wa barabara.

Tunaomba kila kijana akumbuke hao mawaziri wawili ndani ya ndege moja. Uwanja wa barabarani si kazi ya jenerali peke yake. Ni kazi ya yule anayejenga, anayefagia, anayehesabu unene wa lami, anayechimba mifereji ya maji, anayetangazia madereva. Jenerali anakuja kutumia kitu ambacho tayari kiko kizuri.

Na Finland ya kwenye video? Pale Tervo, mwezi wa 9, 2023, ndege za Norway aina ya F-35A zilitua barabarani, mara ya kwanza kwa ndege ya aina ile. Lakini zoezi la namna ile linachukua siku chache tu kwa mwaka. Siku zote zingine pale panapita basi la shule, kamio ya mbao, ambulansi. Jeshi linaazima barabara kwa wanainchi. Halafu linairudisha.

Kuazima na kurudisha. Tushike maneno hayo mawili, maana sasa tunarudi nyumbani.

Kwetu imeshafanyika: Kilambo

Wanaosema Kongo haijawahi kutumia barabara kama uwanja wa ndege hawajui Walikale. Kwenye RN3, pale Kilambo, kuna kipande cha lami ambacho katika miaka ya 2000 kilikuwa uwanja wa ndege. Si kwa zoezi. Kwa biashara.

Ilikuwa wakati mgodi wa Bisie umejaa kasiterite. Vijana wa umri wetu walibeba mifuko ya karibu kilo 50 mgongoni, kwa mguu, ndani ya msitu, makumi ya kilometa mpaka Njingala. Kutoka pale mzigo ulifika Kilambo kwa gari. Ndege ndogo zilitoka Goma, zikatua juu ya barabara, zikapakia, zikaruka. Wakati ndege inashuka, askari walisimamisha motari, wenye baiskeli na watembea kwa mguu mpaka ndege imalize. Na pale mgodini Bisie penyewe waliokuwa wakitawala na kutoza watu ni askari wa brigedi ya 85.

Zile hazikuwa ndege za vita. Zilikuwa ndege za kiraia, zenye mzigo wa wafanyabiashara. Lakini barabara ilifungwa kwa bunduki. Njo sababu tunasema Kilambo ni somo letu. Mtu akitaka kujua kitu gani kinatokea kwenye inchi ambayo ndege inatumia barabara bila sheria, bila tangazo, bila hesabu, asiende Finland. Aende Walikale awaulize wazee.

Na tujiulize tena: juu ya nini ndege zilitua pale? Juu kile kipande kilikuwa na lami nzuri na mbele na nyuma yake barabara ilikuwa imekufa. Kamio haikuweza kufika Goma kwa urahisi, basi wenye makuta wakaleta ndege. Jiwe lilifika Goma kwa dakika chache. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alibaki na moto kwenye matope, ama tipoyi kwenye mabega ya jamaa. Barabara ya taifa ilikuwa na kazi moja tu: kuondoa mali. Kazi ya kupitisha watu ikasahauliwa.

Kilambo haiko peke yake kwenye historia yetu. Pale Gbadolite, Mobutu alijenga uwanja wa mita 3,200 ili Concorde iweze kutua karibu na nyumba yake. Concorde ilitua kweli. Lakini ni kijiji gani cha Ubangi kilipata barabara kwa sababu ile? Ugonjwa ni ule ule: kujenga mahali pa kushukia mkubwa, na kuacha njia ya kupitia mdogo.

Nyumba zetu ziko barabarani

Kuna jambo lingine, na hili njo la hatari kuliko yote.

Pale Finland kipande cha barabara kiko katikati ya miti. Kwetu, barabara ni kijiji chenyewe. Nyumba zinaitazama. Shule iko kando, kanisa liko kando, kituo cha afya kiko kando. Soko liko juu ya barabara, si karibu nayo. Mama ametandika nyanya na ndizi zake mita moja na lami. Watoto wanaenda shule juu yake sababu hakuna njia nyingine. Ukitoka Sake mpaka Minova, ama Beni mpaka Butembo, hesabu wewe mwenyewe utapata wapi kilometa 2 zilizonyooka bila watu.

Sheria ya kimataifa ya vita inasema mambo mawili ambayo kila kijana anapaswa kuyajua. La kwanza: kitu cha raia kinalindwa, lakini kikitumiwa kwa kazi ya jeshi kinaweza kugeuka shabaha halali. Barabara ikipokea ndege ya vita, adui anaweza kudai iko na haki ya kuipiga. La pili: kila jeshi linapaswa, kadiri linavyoweza, kutoweka vitu vya kivita karibu na mahali pa watu wengi. Haya hayakuandikwa na vijana wenye kelele. Yako kwenye sheria za vita ambazo inchi yetu ilikubali.

Kwa hiyo ndege ikitua barabarani asubuhi na ikaondoka baada ya dakika 10, yenyewe imeokoka. Lakini soko litabaki pale mchana wote. Na bomu linaweza kufika jioni.

Wakongomani hatuhitaji kuelezwa na wageni maana ya kuishi shingoni mwa uwanja wa ndege. Tarehe 8 mwezi wa 1, 1996, pale Kinshasa, ndege ya Antonov ilishindwa kuruka kutoka N'Dolo ikaingia kwenye soko la Simbazikita. Mamia ya watu walikufa, wengi wao walikuwa wamekuja kuuza na kununua. Tarehe 15 mwezi wa 4, 2008, pale Goma, ndege ya abiria ilipita mwisho wa uwanja ikaangukia Birere. Makumi ya watu wakafa, wengi wao si abiria. Hizo zilikuwa ajali, hakuna aliyekusudia. Mwezi wa 2, 2024, jeshi lilitangaza kwamba drone zilipiga uwanja wa Goma na kuharibu ndege za kiraia. Hiyo ilikusudiwa. Kama uwanja wenye ukuta na walinzi unapigwa, barabara yenye nyanya na watoto itakingwa na nini?

"Lakini vita iko leo"

Tunasikia jibu. Wengine watasema: nyinyi mnaongea sheria na mifereji, wakati watu wanakufa sasa. Adui hangoji FONER imalize kazi.

Ni kweli, vita haingoji. Hatusemi jeshi likae na ndege zake mahali pamoja mpaka ziharibiwe. Jeshi lenye akili linatawanya ndege zake. Tunasema mambo matatu.

Kwanza, mbele ya kufunga barabara ya watu, kuna viwanja vidogo vingi ndani ya inchi hii: vya misioni, vya mashamba ya zamani, vya migodi, vya utawala. Vingi vimeota majani. Kufyeka, kusawazisha na kulinda viwanja vile mbali na soko ni rahisi na salama kuliko kugeuza RN2 kuwa shabaha. Na siku ya amani vinaweza kupokea dawa ya surua na mbegu.

Pili, tumeshasema, ndege iliyotawanywa inakula kwa kamio. Kwa miaka mingi hesabu zilizotumika juu ya barabara zetu ni hizi: barabara za taifa na za majimbo zinapita kilometa 58,000, na lami ni karibu kilometa 3,000 tu. Kwa kila kilometa 20, moja iko na lami, kwenye inchi ya kilometa za mraba 2,345,000. Kwenye barabara nyingi za Kivu, Ituri na Maniema, kamio inalala wiki nzima kwenye shimo moja. Mafuta ya ndege yatapita wapi? Askari mwenye jeraha atapita wapi? Mtu anayetaka ndege ya vita itue pale Walikale, asaidie kwanza kamio ifike Walikale.

Tatu, jeshi haliangushwi na ukosefu wa lami peke yake. Linaangushwa na askari asiyelipwa, chakula kinacholiwa njiani na wakubwa, mafuta yanayouzwa sokoni. Ndege ikitua barabarani na hao hao wakubwa wakiwa ndani ya mnyororo, shida haijaguswa. Imehamishwa tu kutoka uwanjani kwenda barabarani.

Kwa hiyo kusema "vita iko leo" ni sababu ya kujenga barabara leo. Haiwezi kuwa sababu ya kuiruka.

Makuta yetu yako ndani

Kuna wenzetu wanaofikiri barabara ni zawadi ya serikali. Hapana. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Inakula kwenye kila lita ya mafuta inayouzwa. Motari anayenunua lita mbili za esansi asubuhi ameshachangia barabara kabla hajapata mteja wa kwanza. Kamio inayolipa peaje imechangia. Mama anayepandisha bei ya maharagwe sababu usafiri umepanda, amechangia pia, hata kama hajui jina la FONER.

Na watu wa kufanya kazi hawakosi. Kati yetu, tunaosoma tangazo hili, wako wenye diploma ya ujenzi, ya topografia, ya jiolojia, ya sheria. Wako injinia wa barabara wanaouza unite kwenye meza chini ya parasoli, kando ya barabara wanayojua jinsi ya kuitengeneza. India ilipojenga kipande chake cha kilometa 3, vijana wa namna hii walipata kazi. Sisi tunapata video.

Ndege nyingine ambayo tungeipenda

Kuna inchi nyingine ambayo barabara yake hupokea ndege, na watu hawaitumii video yake sana. Australia, kwenye barabara ndefu ya Eyre inayopita jangwa la Nullarbor, kuna vipande vilivyochorwa mistari myeupe na vibao vya kuonya madereva. Ni kwa ajili ya ndege za madaktari. Mtu akigongwa huko mbali, barabara inafungwa kwa muda mfupi, daktari anashuka, mgonjwa anapakiwa, barabara inafunguliwa.

Lami ileile, ufundi uleule. Tofauti ni nani anangojwa na ndege. Sisi tukipata siku moja kipande kama hicho pale Shabunda, Punia ama Walikale, tunataka wa kwanza kupandishwa awe mgonjwa. Mtu aliyezoea kuona ndege inashuka kumchukua mama yake hatalalamika siku jeshi litakapoomba kuiazima barabara kwa masaa mawili. Atafagia mawe yeye mwenyewe.

Tunachodai

Kwa wabunge, kwa serikali, na kwa wakubwa wa jeshi, popote mamlaka yao inapofika leo:

1. Barabara isigeuzwe uwanja wa ndege, ya jeshi ama ya biashara, bila sheria iliyopigiwa kura na kuandikwa: nani anafunga, kwa muda gani, nani anajibu kama mtu ameumia.

2. Hakuna kipande chochote kichaguliwe karibu na soko, shule, hopitali, kambi ya wakimbizi ama kijiji. Kama hakuna mahali pasipo watu, jibu ni hapana.

3. Viwanja vidogo vilivyoachwa vihesabiwe na kutengenezwa kwanza, vya kazi ya afya na misaada mbele ya kazi nyingine yoyote.

4. FONER na Ofisi ya Barabara watangaze kila mwaka, jimbo kwa jimbo, kiasi kilichoingia na kilometa zilizotengenezwa. Tunataka namba ambayo mtu anaweza kwenda kuipima kwa mguu.

5. Vijana wenye masomo ya ujenzi waajiriwe kwenye kazi hizo kwa mashindano ya wazi, si kwa barua ya mjomba.

Na kwa yeyote anayeshika uwanja wa ndege kwa bunduki: dawa na chakula havina chama. Uwanja unaofungiwa wagonjwa ni silaha iliyoelekezwa kwa wagonjwa.

Kwenu, vijana wenzetu, tunaomba jambo moja dogo. Safari nyingine video ya ndege inayotua barabarani ikifika kwenye kundi lenu, msiifute. Iangalieni tena, lakini muangalie chini ya magurudumu. Angalieni lami isiyo na shimo, mistari, miti iliyokatwa kwa kipimo. Halafu piga picha ya barabara inayopita mbele ya nyumba yenu, weka pembeni ya video ile, na umtumie mbunge uliyempigia kura, pamoja na swali hili: mgonjwa wetu alipita hapa kwa masaa mangapi?

Akijibu hilo, ndipo tutaongea ndege.